Tupeane uzoefu: Kufunga printa ya mtandao isiyopotea potea

Wakuu, tukusanye hapa yanayofanya kazi kweli kwenye ofisi ndogo na nyumbani. Naanza na linalosumbua wengi: leo printa inachapa, kesho kompyuta inadai haipo hewani. Mara nyingi printa ni nzima kabisa. Umeme umekatika, rauta ikaigawia anwani nyingine ya IP (namba ya kifaa kwenye mtandao), na kompyuta bado inabisha hodi nyumba ya zamani.

Chapa ukurasa wa mipangilio ya mtandao kutoka menyu ya printa yenyewe. Humo utaona anwani ya MAC, yaani kitambulisho cha printa yenyewe, jozi 6 za herufi na tarakimu. Ingia kwenye rauta, sehemu ya DHCP (inayogawa anwani za IP), uitengee MAC hiyo anwani moja, tuseme 192.168.1.50, kisha zima printa na uiwashe. Ukipenda kuiandika anwani kwenye printa badala ya rauta, iwe nje ya fungu ambalo rauta inagawa. Kama inagawa kuanzia .100 hadi .199, basi .50 ni salama, lakini .120 iko siku itagongana na simu ya mtu.

*

Nyongeza upande wa Windows, mkuu. Ukiiacha itafute printa yenyewe, mara nyingi inatengeneza bandari (njia ya kuipelekea printa kazi) ya aina ya WSD, na hiyo ndiyo yenye vituko. Ongeza printa kwa mkono, chagua TCP/IP, andika 192.168.1.50. Namba ya bandari ya kawaida ni 9100.

Sasa kuna hali moja inayochanganya sana: ukiandika IP kwenye kivinjari, ukurasa wa printa unafunguka vizuri, ila Windows inang'ang'ania kuwa haipo. Fungua sifa za printa, nenda kwenye bandari, ingia kuisanidi, toa tiki ya SNMP. Windows huulizia hali ya printa kwa njia hiyo, na isipojibiwa inaihesabu imezimwa.

*

Ule ukurasa wa mipangilio ukionyesha anwani ya IP inayoanza na 169.254, achana na draiva (programu ya kuendesha printa) kwanza. Printa haikupewa anwani na rauta, ikajipa yenyewe. Tazama taa ndogo za tundu la waya: zikiwa zimezima, badili waya au tundu la swichi. Zikiwaka, kagua DHCP ya rauta.

*

Wa waifai: printa nyingi hushika 2.4 GHz tu, hivyo jina la mtandao wa 5 GHz hutaliona kwenye orodha. Rauta ikiwekwa ulinzi wa waifai wa WPA3 peke yake, printa za zamani hugoma, kwa hiyo weka mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Na usiiweke kwenye mtandao wa wageni, kwa sababu huko vifaa kwa kawaida huzuiwa kuonana.

Printa isiyohamishwa ipe waya tu. Waya wa mtandao wa Cat5e unafika mita 100.

*

Penye rauta mbili, angalia ya pili imechomekwa wapi. Ikiingia kwa tundu la WAN (la kupokea intaneti) inaanzisha mtandao wake, na walio kwenye rauta ya kwanza hawaifikii printa iliyo nyuma yake. Ipe rauta ya pili anwani isiyogongana na ya kwanza, zima DHCP yake, halafu hamishia waya tundu la LAN (la vifaa vya ndani).

*

Msisahau nenosiri la msimamizi kwenye ukurasa wa printa. Libadilisheni siku hiyo hiyo, na bandari 9100 isifunguliwe kamwe kuelekea intaneti.