Naomba ushauri: nibaki na WordPress au nihamie mafaili ya HTML pekee (kurasa za wavuti zilizo tayari)?

Wakuu, nina tovuti ya kurasa 12 hivi, haina duka wala sehemu ya maoni. Ipo kwenye WordPress (mfumo wa kuendesha tovuti) na nimechoka: kila mara programu-jalizi zinadai kusasishwa, hifadhidata nayo inataka nakala rudufu, yote hayo kwa kurasa ambazo hazibadiliki!

Nafikiria Hugo, programu ya kutengeneza kurasa za HTML. Naandika kwa Markdown (maandishi ya kawaida yenye alama chache), inanitolea HTML, napakia kwenye seva, basi. Kikwazo ni mwenzangu anayeandika habari. Kazoea kuingia, kuandika na kubonyeza “chapisha”. Git, programu ya kutunza matoleo ya mafaili ambayo wengi huitumia pamoja na Hugo, hataki hata kuisikia (simlaumu).

Na fomu ya mawasiliano je, bila PHP (lugha ya programu inayofanya kazi kwenye seva) mnaifanyaje? Aliyewahi kuhama anieleze, hasa namna ya kuzuia viungo vya zamani visife.