Mrejesho: ile ndege ya rimoti ya sarakasi iliyokuwa inanisumbua

Wakuu narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kuhusu ndege yangu ya foam iliyokuja imeshaundwa kiwandani, betri seli 3 za 2200 mAh, ikiwa hewani pua inapanda inashuka yenyewe na nikiibiringisha inatoka kwenye mstari, nikawa nimekata tamaa kabisa maana niliisubiri sana.

Mliosema nianze na mizani (yaani ndege isilemee mbele wala nyuma), asanteni sana aisee. Nimeiinua kwa vidole viwili chini ya mabawa pale kitabu kinaposema, mkia ukalala palepale! Nimesogeza betri mbele kama sm 3 ikatulia. Halafu nakuta skrubu mbili za mota zimelegea, na mkono wa servo (kimota kidogo kinachosukuma kibao cha bawa) ya bawa la kulia umekaa jino moja pembeni, kwa hiyo aileroni (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoibiringisha ndege) hazikuwa zinapinda sawa, hapo ningelaumu vidole vyangu mpaka kesho. Ekspo (mpangilio wa rimoti unaolainisha vijiti karibu na katikati) nimeweka 30%.

Jana jioni upepo umetulia nimepiga lupu (duara la wima hewani) safi na kubiringisha mara tatu mfululizo, nimefurahi mno. Limebaki moja, nikiilaza ubavu inavuta kuelekea upande wa magurudumu, nani ametibu hilo kwa miksi (rimoti kuunganisha amri mbili) ya usukani wa mkia na eleveta (kibao cha mkia kinachopandisha na kushusha pua), uliweka asilimia ngapi?