Nina biashara ndogo ya kahawa Marekani, nataka kusaidia wanaozuia maveterani kujiua. Nisaini mkataba huu?

KahawaYaMatengo (mleta mada)

Habari za jioni wakuu. Naomba mnisome hadi mwisho, maana nimekwama na usingizi sipati.

Naishi Lakewood, jimbo la Washington, jirani na kambi ya jeshi ya Lewis-McChord. Nakaanga kahawa ya kwetu Mbinga, naiuza kwenye masoko ya mwisho wa wiki na mtandaoni. Wateja wangu wengi ni wanajeshi na maveterani, yaani watu waliokwisha kutoka jeshini. Ukiishi huku lazima uzisikie habari za vijana wanaorudi wazima wa mwili halafu wanajiua. Nimeamua sehemu ya mauzo yangu iende kwa mashirika yanayopambana na jambo hilo.

Shirika moja kubwa limenikubali na limeniletea mkataba wa mwaka mmoja. Maswali yangu ni mawili. Asilimia 20 ya mauzo si nyingi mno kwa biashara yangu na kijana mmoja wa kibarua? Na je, nitoe zote kwa shirika kubwa au nigawe kwa vikundi vidogo vya hapa? Wanataka jibu Ijumaa.

Bwana Chumvi

Dada, tutumie kwanza kahawa tuonje. Siwezi kutoa ushauri mdomo mkavu.

HesabuZaMtaa

Asilimia 20 ya MAUZO? Ondoa bei ya kahawa mbichi, meli, gesi ya kukaangia, mifuko, stempu na kodi ya meza sokoni. Hiyo 20 inayobaki ndiyo ulaji wako.

Achana na asilimia. Andika kiasi kamili kwenye mfuko, mfano dola 1 kwa kila mfuko, kuanzia lini hadi lini, na kiwango cha juu utakachotoa. Mteja anaelewa, na wewe ukifanya hesabu mwisho wa mwezi huumwi kichwa. Pia ujue kwamba kutangaza "nunua hiki, sehemu itakwenda kwa wahitaji" kuna sheria zake, na kila jimbo lina za kwake. Mengi yanataka mkataba wa maandishi kabla ya tangazo la kwanza. Massachusetts na Alabama wanataka mfanyabiashara ajisajili na aweke dhamana. Ukiuza mtandaoni unafika kote huko.

Halafu kodi. Kama kampuni yako ni ya mtu mmoja, mchango huo kwa kawaida hauhesabiwi kama gharama ya biashara. Unaingia kwenye fomu yako binafsi. Na hilo shirika lisome Fomu 990 yao, yaani taarifa yao ya fedha ya kila mwaka, iko wazi kwa umma. Utaona mishahara ya wakubwa na fedha za matangazo. Mwaka 2016 shirika kubwa kabisa la majeruhi wa vita lilifukuza viongozi wake wawili wa juu baada ya vyombo vya habari kuandika kuhusu matumizi yake. Ukubwa wa jina usikulaze usingizi.

NesiWaLowell

Pole na hongera dada. Mimi Mkenya, niko huku Massachusetts, nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee. Tulikuwa na mzee wa vita ya Vietnam ambaye hakukubali taa izimwe. Saa nane za usiku alikuwa anataka kikombe cha kahawa na mtu wa kukaa naye, basi. Hakusimulia vita hata siku moja, alikuwa anasimulia mbwa wake. Watoto walikuja siku ya mazishi, wakashangaa kwamba mimi nalijua jina la yule mbwa na wao hawalijui. Watu hawa upweke unawamaliza. Toa tu dada, Mungu atakuzidishia.

Sajenti_wa_Killeen

Mleta mada, kuna kitu hujasema. Shirika kubwa halimwekei muuza kahawa mdogo tarehe ya mwisho Ijumaa kwa ajili ya dola 1 ya mfuko. Wanataka nini kingine kwako?

KahawaYaMatengo

Wanataka kuanza kampeni yao mwezi ujao, ndiyo maana ya haraka. Wanataka pia picha kwenye mfuko. Ni kawaida, wafadhili wengi wanafanya hivyo.

Sajenti_wa_Killeen

Picha ya nani?

KahawaYaMatengo

Ya mdogo wangu.

Alipata grini kadi kwa bahati nasibu, akafikia kwangu, akajiunga na jeshi la nchi kavu, akapelekwa Afghanistan. Alipotoka jeshini alirudi kwangu akawa ananisaidia kukaanga. Jina la kahawa yetu alilichagua yeye. Alijiua. Siwezi kuandika zaidi ya hapo.

Mama yuko Mbinga. Yeye na ukoo wote wanajua moyo ulisimama usingizini. Ndivyo tulivyokubaliana mimi na baba mdogo kabla mwili haujasafirishwa, kwa sababu tuliogopa maneno ya watu na tuliogopa mazishi yangekuwaje. Sasa shirika linataka picha yake akiwa na sare, jina lake, na maneno "22 kila siku", yaani idadi ya maveterani wanaojiua. Mifuko nimeshalipia arbuni. Naomba msinishambulie. Mama hatumii intaneti, na kahawa hii haiuzwi Tanzania. Kama picha yake itamfanya kijana mmoja apige simu kabla hajafanya lolote, nina haki gani ya kuificha?

Mwinjilisti Thadeo

Binti yangu, pole. Ila kujiua ni dhambi kubwa, na jambo kama hilo haliwekwi kwenye pakiti ya kahawa watu wakachekea asubuhi. Mfiche ndugu yako, muombee. Fedha toa kanisani.

KatekistaMstaafu

Mwinjilisti, polepole. Kwetu Wakatoliki, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 haimtaji tena aliyejiua miongoni mwa wanaonyimwa mazishi ya Kanisa. Na Katekisimu, namba 2283, inasema tusikate tamaa juu ya wokovu wa milele wa waliojitoa uhai. Mbinga ni Wakatoliki watupu. Dada, hofu yenu ya mazishi naielewa, nimeiona vijijini kwa macho yangu, lakini paroko angemzika.

Lililobaki ni sheria ya nchi. Kwetu Tanzania kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinamfanya aliyejaribu kujiua na akapona kuwa mkosaji. Kwa hali hiyo nani atasema anaumwa moyoni?

NesiWaLowell

Kenya Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha aina hiyohiyo kinapingana na Katiba. Shangazi yangu alilia habari ile iliposomwa redioni, na mpaka leo hajatuambia alikuwa anamlilia nani.

Mpima Mvuke

Wakuu mnaliwa. ID ni ya juzi, bandiko la kwanza kahawa, la pili machozi. Anauza kahawa lakini hii ni CHAI. Mtanzania gani anaingia jeshi la Marekani bila uraia? Kesho atatupa kiungo cha duka lake. Mods, hamisheni uzi huu uende kwenye matangazo madogomadogo.

Bwana Chumvi

Mimi nilishaanza kuchemsha maji, sasa niweke majani au buni?

KahawaYaMatengo

Jina la kahawa sijaliandika popote na sitaliandika. Wala sitaweka picha hapa. Kama huamini, pita.

Mpima Mvuke

Kukataa picha ni dalili ya kwanza ya chai. Haya, kwenye msiba bendera mlipewa na nani? Jenerali gani alikuja Mbinga?

KahawaYaMatengo

Hakuja jenerali. Niliichukua mwenyewe posta kwa fomu, nikaibeba kwenye begi la mkononi mpaka Songea. Mama anayo sandukuni.

Sajenti_wa_Killeen

Mpima Mvuke, kaa chini. Bendera ya maziko ya veterani unaiombea kwa fomu 27-2008 na unaweza kuichukua posta. Mtu wa kutunga angekuletea gwaride na mizinga. Na uraia hauhitajiki kuingia jeshini, mwenye grini kadi anapokewa, uraia anaupata kupitia utumishi. Mwaka 2009 walianza hata mpango wa kuchukua wenye viza za kawaida kwa sababu ya lugha zao, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Uliitwa MAVNI, ulisimamishwa mwaka 2016. Nina wenzangu wa Kisii na Kilimanjaro waliopita mlango huo.

Sasa dada, mimi naongea kama mtu aliyefika pale alipofika mdogo wako, nikarudi. Nilipotoka Kandahar nilikuwa siwezi kukaa kanisani nikiupa mlango mgongo. Mke wangu aliponiona nimenyamaza kwa namna ambayo hakuipenda, alimpigia mwenzangu wa kikosi. Yule jamaa alikuja, hakuhubiri, akabeba silaha zangu akakae nazo kwake. Basi. Zaidi ya asilimia 70 ya maveterani wanaojiua wanatumia silaha ya moto, na ile saa mbaya mara nyingi hupita kama kitu hicho kiko mbali. VA, idara ya serikali inayohudumia maveterani, wanatoa kufuli za bunduki bure. Mimi ningeuza kahawa hiyo pamoja na kikaratasi kinachosema hivyo.

Na hiyo "22" iondoe. Ilitoka kwenye ripoti ya VA ya mwaka 2012, ya takwimu za majimbo 21 tu. Ripoti ya vifo vya mwaka 2022 inataja watu 6,407, wastani wa 17.6 kwa siku. Hata mmoja angetosha. Lakini kijana akishakukamata kwa namba iliyopitwa na wakati, hata namba ya simu uliyoandika chini yake hataiamini.

Mshauri_Dodoma

Naomba niongeze kwenye picha, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Aliyejiua akipambwa kwa sare na neno "shujaa", mtu aliyekaribia ukingo anaweza kusoma kwamba kufa ndiko kutakakofanya aonekane. Miongozo ya kuandika kuhusu kujiua inakataza kukipamba kifo na kueleza namna kilivyotokea. Kinachosaidia ni kuonyesha mtu aliyepita kwenye kipindi kile na akabaki, na kuweka msaada mahali panaposomeka. Kwa Marekani ni kupiga 988 kisha kubonyeza 1, au kutuma ujumbe 838255. Tena tangu Januari 2023 veterani aliye katika hatari ya kujiua anaweza kwenda hospitali yoyote ya dharura bila malipo, hata kama hajajiandikisha VA. Wengi wa ndugu zetu hawalijui hili kwa sababu hakuna aliyewaambia kwa Kiswahili.

Na mama. Unasema hatumii intaneti. Wajukuu wake je? Picha ya mfuko mmoja kwenye kundi la ukoo, na atasikia kifo cha mwanawe kutoka kwa mtoto wa darasa la saba.

KahawaYaMatengo

Najua hilo la wajukuu. Nimeliwaza. Ila ninyi hamjaona alivyokuwa anacheka na wateja sokoni. Mimi nataka aonekane, si afichwe mara ya pili. Mkiniambia niondoe picha mnarudi kulekule kwa Mwinjilisti.

Sajenti_wa_Killeen

Hapana dada. Aonekane, lakini mama yake awe wa kwanza kumwona. Pia ukumbuke nembo za jeshi ni alama zilizosajiliwa, bidhaa ya kuuzwa inahitaji leseni yao. Kwa hiyo ile picha ya sare ingekuletea barua ya mwanasheria hata mama angekubali.

Kuna shirika linaitwa TAPS, lipo tangu 1994, linahudumia familia za waliofiwa na wanajeshi, na lina huduma maalumu kwa waliofiwa kwa kujiua. Wapigie kwa ajili yako mwenyewe kabla ya biashara. Unakaanga kahawa mahali alipokuwa anasimama yeye, na umekuja kutuuliza asilimia.

Mpima Mvuke

Nimesoma tena kuanzia mwanzo. Pole dada, nafuta maneno yangu. Kaka yangu alikuwa JWTZ, alikufa "kwa malaria" akiwa nyumbani likizo, na hatujawahi kuulizana. Ndiyo maana nilitaka yako iwe chai.

HesabuZaMtaa

Pole mkuu.

Dada, kwenye mkataba dai vifungu vitatu. Picha na jina visitumike mpaka uandike ruhusa ya pekee, na ruhusa hiyo uweze kuifuta wakati wowote. Kiasi kiwe dola 1 kwa mfuko, na kiwango cha juu kitajwe. Maneno yote ya kwenye mfuko uyaidhinishe wewe kabla ya kuchapwa. Shirika la kweli halitaona shida. Wa mifuko waulize kama wanaweza kubadilisha chapa kwa arbuni hiyohiyo, mara nyingi hawajaanza kazi.

KahawaYaMatengo

Ahsanteni. Wa mifuko hawajachapa, wamekubali kubadilisha. Upande wa mbele unabaki na mlima na jina la kahawa, nyuma inakwenda namba ya 988 na kubonyeza 1, kwa Kiingereza na Kiswahili, pamoja na lile la hospitali za dharura. Vifungu vitatu nimevituma kwa shirika. Wakivikataa sisaini, nitaanza na kikundi kidogo cha maveterani cha hapa Tacoma ambacho wateja wangu wanakijua.

Baba mdogo nimempigia. Alikasirika, akakata simu, akapiga tena baada ya saa moja. Nitakwenda Mbinga wakati wa mavuno ya kahawa, mwezi wa saba, na tutamwambia mama pamoja, paroko akiwepo. Habari ya picha ataamua yeye.

KatekistaMstaafu

Paroko mwambie mapema, dada, msimshtue siku hiyohiyo. Na mama asiwe peke yake usiku ule, tafuteni dada yake au jirani wa kulala naye.

KahawaYaMatengo

Mama mkubwa yupo Peramiho. Nitamtumia nauli.