Tupeane uzoefu: tredmili ya nyumbani, wana Kigoma na Tabora mlichaguaje?

Kibonge wa Mwanga
Wakuu habari za jioni. Nina miaka 41, kilo 108, kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti toka asubuhi mpaka jioni, mwezi uliopita daktari kanipima presha akaguna, afu akaniambia mzee anza kutembea, dakika 150 kwa wiki ndio chini kabisa. Nikaanza kutoka alfajiri. Wiki ya kwanza safi, wiki ya pili mbwa wa watu wakanitoa mbio (siku hiyo nilikimbia kuliko miaka mitano yote iliyopita), wiki ya tatu mvua zikaanza na mnajua huku kwetu udongo ukilowa hivi vilima vinakuwa sabuni. Basi nataka tredmili, ile mashine ya mkanda unaozunguka unatembea au kukimbia juu yake hapo hapo, nifanyie ndani.

Njia ninazo mbili. Kuna jamaa wa shirika Kasulu mkataba wake umeisha anauza yake laki saba, anasema haijatumika sana. Nyingine ni mpya ya Kariakoo, milioni moja na laki nne na hapo bado usafiri. Sitaki nadharia, nataka mliowahi kumiliki: ulinunua nini, ikakufanyaje, na ungerudi nyuma ungenunua ipi.

Mama Ujiji
Pole na mbwa kaka. Mimi nilianza na ile isiyo na umeme, unasukuma mkanda mwenyewe kwa miguu. Nilivutiwa na bei na nikajisemea LUKU haitanisumbua. Ndugu yangu hiyo usiguse. Mkanda haujiendeshi, kwa hiyo lazima mashine ikae imeinuka mbele muda wote na wewe umeng'ang'ania vyuma unasukuma kama mtu anayepandisha mkokoteni wa madumu ya mawese, magoti yakaniuma wiki nzima, nikamgawia shemeji na yeye hajanishukuru mpaka leo. Zile zilizopinda kama bakuli za kwenye jimu kubwa ni habari nyingine, ila bei yake unapata pikipiki.

Ya pili nikanunua ya mota, mpya, na kosa langu nikachagua kwa macho. Skrini kubwa, spika, pa kuweka chupa ya maji, nikasema hii ndiyo. Kuja kupima nyumbani mkanda una upana sentimita 40, urefu 110. Mimi mfupi na natembea tu, haina neno. Mume wangu mrefu, siku ya kwanza akasema anakimbia, hatua yake ikaishia nje ya mkanda, akatua magoti yote mawili huku mashine inaendelea kuzunguka. Toka siku hiyo yeye na uwanja wa Lake Tanganyika, mimi na mashine yangu. Wa kukimbia atafute mkanda wa sentimita 140 kwenda juu na upana usipungue 45, mengine yote ni urembo.

Lakini sijutii. Mimi na baibui langu siwezi kukimbia barabarani watu wananiangalia, hapa nafunga mlango, nikishaswali alfajiri napiga nusu saa. Ramadhani nasogeza iwe jioni, mwendo wa taratibu, nikishuka tu adhana hiyo.

Chizi Mpira
Laki saba yote ya nini, nunua raba ya elfu thelathini inayobaki kula migebuka. Kigoma yenyewe ni tredmili mkuu, anzia Kibirizi panda mpaka Mwanga uone.

Kibonge wa Mwanga
Mkuu mbwa nimeshawaeleza.

Mnyamwezi wa Ipuli
Mwangaluka wote. Kibonge kabla hujatoa hata mia kwa huyo jamaa wa Kasulu mwambie apige picha ile stika ndogo karibu na pale waya unapoingia, usome volti. Nakuambia kwa maumivu.

Mimi hapa Tabora nilinunua ya mtumba kwa mtu kama huyo huyo, mzungu alikuwa anarudi kwao, mashine nzito, imara, inang'aa, laki sita, nikajiona mjanja kuliko mji mzima. Plagi ilikuwa ya kwao, nikaikata nikafunga ya pini tatu. Kuwasha, taa ikawaka sekunde moja ikasikika pwaa, afu harufu. Kumbe ya Marekani, volti 120, sisi tunatumia 230. Bodi, ile saketi ya umeme ya ndani, ikaenda na maji. Kutafuta bodi nyingine miezi mitatu, na hata baada ya kuipata ikabidi ninunue transfoma ya kushusha umeme ya wati 3,000, dude zito kama mfuko wa nusu wa simenti linavuma pembeni muda wote. Nikijumlisha nimepita bei ya mpya.

Na haikuishia hapo. Siku ya kwanza imepona nikabonyeza 6 nikijua ni kilomita 6 kwa saa, mwendo wa kutembea haraka. Aisee. Zile zinahesabu maili! 6 yao ni karibu kilomita 10 kwetu, nilirushwa nyuma nikakaa kwenye ndoo. Wife mpaka leo akitaka kunitania ananiuliza nikuwekee sita?

Uzito vile vile, wao wanaandika ratili. 300 ukiiona usidhani ni kilo, ni kilo 136.

Dada Isevya
Mimi ninayo ile ndogo bapa ya kuingiza chini ya kitanda, haina mikono ya kushika. Naipenda, naishi chumba na sebule ingekuwa kubwa ningelala wapi. Ila ijulikane hiyo ni ya kutembea, yangu mwisho kilomita 6 kwa saa na mkanda mwembamba, ukiangalia simu unatoka nje. Kaka wa kilo 108 sikushauri, yangu imeandikwa mwisho kilo 100 na hata mdogo wangu wa kilo 90 akipanda inalia.

Fundi Stabilaiza
Naomba nichangie kama fundi, nimefungua hizi mashine nyingi kidogo Kigoma na Kasulu. Wengi mnaangalia HP, yaani nguvu ya mota, kwenye boksi mnaona 4 mnafurahi, ile mara nyingi ni nguvu ya kilele, yaani inayofika kwa sekunde chache tu, ya kuangalia ni nguvu ya kudumu, ile mota inaweza kuibeba saa nzima bila kuchemka, na muuzaji akishindwa kukwambia ni ipi kati ya hizo mbili basi hesabu ni ya kilele. Mtu wa kutembea HP 2 ya kudumu inamtosha, mtu wa kukimbia na mwili wake mkubwa asishuke chini ya 3. Na uzito ulioandikwa kwenye mashine usinunue unaolingana na wako, wewe wa 108 tafuta ya 130 au 140, ikibeba mzigo wake wa mwisho kila siku mota inakufa mapema na ubao wa chini unapinda.

Umeme wetu mnaujua. Enzi za majenereta ya dizeli ilikuwa balaa, sasa hivi kuna nafuu ila bado unapungua na kurudi kwa kishindo, na bodi ya tredmili haipendi kishindo. Stabilaiza nzuri, kile kifaa cha kutuliza umeme, ni lazima, sio ile ya tv. Usichomeke kwenye ekstensheni ya elfu tano, nimeshaona zilizoyeyuka, ichomeke kwenye soketi ya ukutani peke yake, na ukimaliza chomoa.

Kula umeme haili kama mnavyoogopa. Ya kutembea inakula labda wati 500 mpaka 700, nusu saa kila siku mwezi mzima ni kama uniti 10. Shida ni nyie mlioko kwenye tarifu ya bei nafuu, ya wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi, kama tayari unacheza kwenye 70 hiyo mashine ndiyo itakayokuvusha, na ukihamishwa kila uniti inapanda bei, sio zile 10 tu.

Ya mtumba usiijaribu ikiwa tupu! Kila mashine tupu inazunguka vizuri. Panda wewe mwenyewe, tembea dakika 20 mwenye mali akiwa amesimama hapo, sikiliza kama mkanda unakwama ukikanyaga kwa nguvu, nusa kama kuna harufu ya kuungua, afu zima, chomoa, ingiza vidole chini ya mkanda, pakiwa pakavu kama karatasi ujue haijawahi kupakwa mafuta toka izaliwe.

Shangazi Katubuka
Asante fundi ila mseme na mafuta gani. Sisi dukani walituambia "iwe inapakwa mafuta kila baada ya muda", basi. Nilisafiri kwenda msibani nikamwachia kijana wa nyumbani maagizo, mashine ipakwe mafuta. Mtoto mtiifu. Kapaka mawese.

Narudi nakuta nyumba inanuka kama soko, mkanda umekuwa wa rangi ya machungwa, siafu wamefuata utamu, nikiwasha mkanda unateleza kwenye rola hausogei. Sikuweza hata kumgombeza, mafuta ndani ya nyumba hii ni mawese, angejuaje? Fundi akaufungua mkanda wote akasafisha ubao, akasema ni mafuta ya silikoni tu, sio mawese wala alizeti wala yale ya kupulizia bawaba za milango. Kachupa kamoja kananitosha muda mrefu.

Mwalimu Mstaafu
Wanangu, nawasoma huku nacheka. Mnajua hiki kitu kilianza kama adhabu? Uingereza, 1818, mhandisi William Cubitt aliwatengenezea wafungwa gurudumu la ngazi, wanapanda saa nyingi kwa siku bila kufika popote, likaja kufutwa 1898. Leo mnalipa milioni. Mimi nazunguka chini ya miembe ya hapa Tabora asubuhi na fimbo yangu, mbwa wananijua.

Baba Pacha
Niandike fupi kwa sababu sipendi kukumbuka. Mwenye watoto, ile kamba nyekundu yenye klipu ya kubana kwenye nguo, ukimaliza ichomoe ufiche, bila hiyo mashine haiwaki. Mimi nilikuwa naiacha imening'inia. Mwanangu wa miaka mitatu kawasha, kaweka kiganja nyuma pale mkanda unapoingia chini. Ngozi ilitoka kama imeungua na pasi. Amepona, kovu lipo. Na nyuma ya mashine acha mita mbili wazi, usiipakatishe na ukuta, ukianguka unabanwa hapo mkanda unakusaga.

Kibonge wa Mwanga
Baba Pacha pole sana mkuu, nimemsomea wife hiyo yako kwa sauti.

Wakuu narudi na mrejesho. Jumamosi nilienda Kasulu. Stika inasoma volti 230, nikashukuru Mungu, Mnyamwezi ulishaniharibia usingizi. Nikapanda. Dakika ya saba ikaanza harufu, jamaa akasema ni vumbi. Dakika ya kumi na moja ikazima yenyewe. Akasema ni umeme, wakati feni ya juu inazunguka vizuri tu. Nikaingiza vidole chini ya mkanda, pakavu. Nikamshukuru kwa chai nikapanda gari nikarudi.

Nimechukua mpya, HP 3 ya kudumu nimeandikiwa na kwenye risiti, kilo 140, mkanda 145 kwa 50. Haina spika. Imeshuka na lori jana. Nilipima chumba cha wageni kila upande, nikaacha mita mbili za nyuma, nikamleta fundi akafunga soketi, nikanunua na silikoni. Ambacho sikupima ni kona ya korido. Tumeisukuma vijana wanne, tumeisimamisha, tumeilaza ubavu, haigeuki. Dirishani kuna nondo.

Kwa hiyo iko sebuleni katikati, mbele ya tv, kochi limehamia barazani, na mama mkwe anaingia Jumapili na treni.