Niondoke saa ngapi: mkondo dhidi ya upepo

Wakuu, nina safari ya maili 24 za baharini kando ya pwani. Boti mita 7, mashine moja, mwendo noti 12 (maili 12 za baharini kwa saa). Katikati kuna mlango wenye mkondo wa noti 3, ndani yake fungu la mchanga. Ni bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo au mpevu), na upepo wa noti 15 utavuma kinyume na maji yanayotoka. Nitoke na maji?

— Usitoke nayo. Upepo ukikabiliana na mkondo, mawimbi hukaribiana na kuwa wima: omo (mbele ya boti) inazama, propela inatoka majini na boti inakosa msukumo. Pita maji yakisimama, mkondo ukitulia. Utabiri ukipanda kufika noti 20, ahirisha, tafadhali.

— Angalia na fungu. Katika saa 6 za kujaa, maji hupanda, saa baada ya saa, sehemu 1, 2, 3, 3, 2, 1 kati ya 12. Tofauti ya maji kujaa na kupwa ikiwa mita 3, saa 2 baada ya kupwa umepata sentimita 75 tu. Na bonde la wimbi la mita 1 linakunyang'anya nusu mita nyingine.

— Mafuta: theluthi kwenda, theluthi kurudi, theluthi akiba. Kwenda ni saa 2; mashine ikila lita 25 kwa saa, beba 150.