Nimepangiwa Meatu, darasa la kwanza Kisukuma kitupu: wazoefu mlianzaje?

Binti wa Pangani

Shikamooni walimu wakubwa, na wenzangu habari za majukumu.

Mimi ni ajira mpya, mwalimu wa cheti daraja la IIIA, mzaliwa wa Pangani. Nimepangiwa shule ya msingi huku Meatu, Simiyu, ndani ndani kutoka Mwanhuzi. Mapokezi yalikuwa mazuri. Mtendaji wa kijiji kanitafutia chumba kwa mama mmoja mjane mwenye roho safi, maji ya kuchimba mchangani nimeyazoea, na michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa) kwa karanga sasa naila bila kuambiwa. Hayo nayamudu.

Kinachoninyima usingizi ni darasa. Nimekabidhiwa la kwanza, watoto mia na ushee chumba kimoja, wengi hawakupita awali. Nikisema "fungueni madaftari" wananitazama tu. Si utundu, hawanielewi. Juzi mtoto mmoja wa kike kanyoosha mkono, kasimama, kazungumza Kisukuma kirefu huku uso umechangamka, halafu akasubiri nimjibu. Sikuwa na la kumjibu. Alikaa taratibu, na tangu siku ile mkono hanyooshi.

KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) tuliyofundishwa chuoni inaanza na sauti za herufi, kana kwamba mtoto amekuja na Kiswahili chake kutoka nyumbani. Wa kwangu wanaimba a, e, i, o, u vizuri mno, lakini hawajui ni za nini. Jingine: wapo ndugu wawili wa boma moja wanaosoma kwa zamu. Leo anakuja huyu, kesho yule, anayebaki anachunga ng'ombe. Nianze na baba yao au niende kwa mtendaji?

Uhamisho sitaki. Nataka hawa watoto wasome. Mwenye uzoefu wa Usukumani anishike mkono.

Mstaafu wa Maswa

Marahaba mwanangu, karibu sana.

Nimefundisha la kwanza na la pili miaka mingi, Maswa na hukohuko Meatu. Nakushauri herufi uziweke pembeni kwanza. Watoe nje, chini ya mti, uwafundishe kusikia. Sema "simama" nawe usimame. "Kaa", ukae. "Shika kichwa", "kimbia mpaka mlangoni", "mpe mwenzako jiwe". Fanya nao, usieleze. Kisha lete vitu vyao: jembe, kibuyu, pamba, kamba ya ndama. Mtoto akishakishika kitu na kukitaja, ndipo neno hilo linakwenda ubaoni na unalikata silabi. Hapo ba na bu zinakuwa na maana, maana zimetoka kwenye kitu alichokishika. Usiogope kwamba unachelewa. Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa, akishashika silabi atakimbia.

Wapo watoto wachache wanaokijua Kiswahili, wa mwenye duka, wa nesi wa zahanati, wa walimu. Wagawe, kila dawati awepo mmoja kama inawezekana. Hao ndio wakalimani wako.

Ukiwa na mtoto anayesoma "kura" akatamka "kula", usimwekee kosa la kusoma. Herufi kaiona, ulimi ndio haujazoea r. Nimeona watoto wengi wazuri wakikatishwa tamaa kwa hilo tu, na linaniuma mpaka leo.

Na yule binti, mrudie. Mwite pamoja na dada au kaka yake wa madarasa ya juu, umwombe aseme tena alichokisema. Usiache lipite.

Mwalimu Itilima

Namuunga mkono mzee, ila naongeza tahadhari. Lugha ya kufundishia ni Kiswahili, na hao watoto wakifika la nne upimaji wa NECTA, Baraza la Mitihani, utawakuta kwa Kiswahili. Kisukuma kiwe cha kufafanulia: mtoto akielewa, lilelile liseme tena kwa Kiswahili naye alirudie. Nimeona walimu wenyeji wanafundisha Kisukuma mwaka mzima kwa sababu ni rahisi, watoto wanakwenda la tatu hawajui hata kuomba ruhusa.

Kuhusu wale ndugu, dada, usianze na mtendaji. Ukianza naye umeshamfikisha mzazi kwenye faini na uadui. Nenda kwa baba jioni ng'ombe wakisharudi, uongozane na mwenyekiti wa kitongoji. Salimia, kaa, uliza habari za mvua na za mifugo. Mwambie watoto wake wanaweza, tena umwonyeshe daftari la kila mmoja. Kisha muulize kama majirani wanaweza kuunganisha makundi, nyumba hizi wiki hii, zile wiki ijayo, akapatikana mtu mzima wa kuchunga. Kwetu boma kadhaa zilikubali. Si zote.

Halafu pamba ikianza kuvunwa, kuanzia mwezi wa tano, mahudhurio yatashuka. Kwenye azimio la kazi, yaani mpango wako wa kufundisha wa mwaka, mada ngumu zibane kabla ya hapo.

Teacher K

Madam, kidogo tu: kama posho ya kujikimu hujalipwa, andika barua ya madai kupitia kwa mwalimu mkuu, nakala baki nayo. PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, jaza ukienda Mwanhuzi kwenye mtandao. Na hili la lugha lipeleke kwenye MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) hapo shuleni, walimu wenyeji wana mengi ya kukupa.

Binti wa Pangani

Asanteni mno, na mzee wangu Mungu akuzidishie.

Yule binti nilimwita na dada yake wa la tano. Siku ile alikuwa ananiambia kuna kuku anataga nyuma ya kabati la vitabu. Tukaenda sote kuangalia, kweli, mayai manne juu ya madaftari ya zamani. "Yai" ndilo neno la kwanza nililoliandika ubaoni darasa zima likalitambua, na aliyelisoma mbele alikuwa yeye.

Kwa baba wa wale ndugu nakwenda Jumamosi, mwenyekiti ameshakubali. Mzee, swali moja: nataka kuchora kadi za picha, karatasi ngumu za manila hapa hakuna. Ulikuwa unatumia nini?

Mstaafu wa Maswa

Maboksi ya sabuni na ya biskuti. Siku ya mnada nenda kwa wenye maduka kabla hawajayachoma, watakupa bure. Chora upande wa ndani, hauna maandishi. Kwa baba yao nenda na daftari la yule mdogo juu, maana ndiye atakayetajwa kuwa hana akili ya shule.