Mama yuko na mimi Nairobi, nani wa kumwangalia mchana?

Binti_Pipeline: Wadau nisaidieni. Baba alipotuacha nilimtoa mama ushago nikamleta Pipeline, tuko ghorofa ya nne, ana miaka 73. Natoka saa kumi alfajiri kuwahi mabeli ya mitumba soko la Gikomba narudi giza limeingia. Natafuta dada wa kazi mpole. Mnalipa ngapi siku hizi?

MzeeKijana: Umemtoa mtu kwa shamba lake ukampa ngazi? Mathe wetu alikuwa anakaa kwa dirisha siku nzima, tukamrudisha, sasa ana kuku na chama, simu zangu hata hashiki.

Nyakwetu: Ako kwa Inua Jamii, ile pesa ya serikali ya wazee? Ni 2,000 kwa mwezi ukishafika 70, angalau ya unga.

ShoshoWaWatu: Mchana anakaa na nani sasa?

Binti_Pipeline: Peke yake. Chai namwachia kwa thamosi.

ShoshoWaWatu: Na mlango?

Binti_Pipeline: Nafunga na kufuli nje. Lakini ngojeni, juzi alitoka kununua sukari tukampata usiku Donholm, patipati mguu mmoja, anauliza gari la Machakos. Nikifunga najua nitamkuta. Na fundi wa grili nishamlipa nusu.

Kaka_Safi: Moto ukishika je? Mama ni mama, Mungu anakuona.

Mtaalamu_wa_Mtaa: Hii ni hekaya. Akaunti yake imefunguliwa leo, kwanza dada wa kazi, mara kufuli, sasa grili. Kesho atatuma namba ya kuchangiwa.

Binti_Pipeline: Sijaomba shilingi ya mtu. Jana amechambua ndengu debe zima hakuacha jiwe hata moja, tumecheka sana, halafu akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nani atatunga hiyo?

ShoshoWaWatu: Mimi nakuamini. Huo si uzee tu, mpeleke hospitali. Mama mkwe alichanganyikiwa hivyo kumbe ni maambukizi ya mkojo, akatibiwa akarudi. Wapime damu pia, tezi ya shingo na vitamini B12, na ubebe dawa zake zote waone. Ikiwa ni ugonjwa wa kusahau, utajua mapema. Namba yako ishonee kwa leso yake. Na hiyo kufuli toa leo, ufunguo apewe jirani.

Binti_Pipeline: Wa chini anashona nguo kwake, nitamuuliza kesho.

MzeeKijana: Shuka sasa hivi, taa zake si bado ziko.

Nyakwetu: Lakini dada wa kazi mnalipa ngapi? Hata mimi natafuta.